Kuvutana

Siku ya kumi na moja leo ndege imelala kitandani,
mie na Riziki tunalala chini, kwenye jamvi.
Bawa lake mita tatu na shubiri,
ncha moja imegusa kabati, ya pili imetoka dirishani,
na watu wa Limbani wakipita huishika
kama wanaopewa mkono na mgeni.

Injini tuliitoa kwenye mashine ya kukatia majani.
Mbavu za msufi, ngozi ya kitambaa chepesi kilichopakwa gundi.
Kila kiungo kimeshakubaliana na mwenziwe,
ila usukani wa mkia,
ubao mpana kama sinia la watu wanne,
ambao haujui bado utamtii nani.

Shaame anasema: Sevo tuitie mkiani,
karibu na kazi yake, mkono mfupi,
bila hata chembe ya ulegevu.
Namwambia: Shaame, gramu moja mkiani
inadai gramu tatu puani.
Tutie chubwi ngapi mpaka isimame sawa?
Twajenga ndege sisi, ama nanga?

Basi ufito, anasema. Mmoja, mrefu,
unasukuma, unavuta, yamekwisha.
Nauchukua ufito, nausukuma ukutani:
unapinda mgongo
kama upembo uliokutana na shelisheli bichi.
Kuvuta anajua. Akisukumiwa kazi, anajikunja.
Nina jamaa wa namna hiyo, siwataji.

Zinabaki nyaya.
Mbili, nyembamba, chuma kilichosokotwa,
sevo itulie tumboni, chini ya bawa,
waya mmoja upite kulia kwa usukani, mmoja kushoto.
Tulishazijaribu usiku wa tano.
Ukipinda kulia, wa kushoto unaning'inia
kama kamba ya nguo isiyo nguo.
Shaame akacheka sana:
Nyaya za kuvutana!
Kwani nyumba hii ina upungufu wa kuvutana?
Halafu akanyamaza,
maana Riziki alikuwa mlangoni.

Alikuwa akiwamba kitanda cha mamaake,
ukambaa umetota maji,
mguu ameukaza kwenye tendegu.
Akavuta huku, kule kukalegea.
Akafungua. Akavuta tena. Hakututazama.
"Kamba haina kosa," aliliambia tendegu,
"tundu ndilo lililokaa upogo."

Sikumjibu; halikuwa neno langu.
Nilikwenda kutafuta rula.

Pembe za usukani, pale waya unapofungwa,
tulizitoboa nyuma ya mstari wa bawaba.
Nyuma kwa unene wa kucha, basi.
Ukucha huo ndio tuliogombea siku sita,
mpaka Shaame akaondoka bila kumaliza chai.
Nikaziba kwa gundi, nikatoboa upya,
tundu na bawaba zikitazamana uso kwa uso.
Nikazungusha usukani kwa kidole, huku na huku.
Waya ukigusa hulia, sauti nyembamba,
na mwenziwe humwitikia.

Alfajiri uwanja wa skuli ulikuwa mtupu,
mbuzi wawili tu, na upepo wa ubavuni.
Ndege ikakimbia, pua ikavutika kushoto,
kuelekea goli lisilo wavu.
Nikausogeza ujiti kulia, kidogo, kidogo tena.
Huko ndani, nisikoweza kuona,
waya mmoja ulikuwa ukivuta
na mwengine ukiachia kwa kiasi kilekile,
si zaidi, si pungufu.
Miaka ishirini na miwili nimeoa,
na sikuwahi kukuita huko kuachia kazi.

Magurudumu yakatoka kwenye majani.

Shaame alikuwa nyuma yangu,
chubwi zake bado mfukoni, zikigongana.
"Lakini ingekuwa mkiani..." alianza,
akaimeza, akainua shingo.

Nyumbani Riziki alikuwa ameshatandika shuka.
"Ikirudi nzima," alisema, "italala kwa Shaame."