Mlichi wa Kibokoni

Kokwe ilitoka kinywani mwa shangazi,
wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Bi Rukhsana wa kitanda cha pili
alimpa tatu: kula, zapoza kifua.
Shangazi akazitazama, akacheka mpaka akakohoa:
"Si shokishoki hili, limenyolewa?"
Akamenya. Gamba jekundu lenye chunusi,
ndani nyama nyeupe, maji yakamchuruzika kiwikoni.

Akaifunga kokwe kwenye pindo la leso,
kesho yake akaipanda katika kopo la Kimbo.
Kopo likapasuka. Mti ukahamia uani,
kati ya kisima na kamba ya kuanikia.

Miaka kumi na saba,
majani matupu.
Yakichipuka mekundu, kisha kijani cha chupa,
kivuli kizito hata nguo hazikauki.
Mbarak wa jirani, kila akichungulia ukutani:
"Bi Mwanajabu, dume hilo. Likate upikie."

Akaja bwana shamba kutoka Mtwapa,
akaugonga kwa kidole kama mlango wa watu:
si dume, mama, wala si tasa.
Mti wa baridi huu. Hautoi ua mpaka utetemeke.

Na Mombasa hii, nani hutetemeka
ila mwenye homa?

Basi mwezi wa saba, kusi likivuma,
akamtuma Athumani Liwatoni na mkokoteni
alete barafu ya samaki.
Tukaipanga mizizini, tukaifunika magunia.
Ua mzima ukanuka changu.
Paka wa mtaa walishinda pale siku tatu
wakilamba mchanga.
Mbarak alicheka; shangazi naye alicheka.
Lakini usiku nilimwona,
mkononi kipepeo cha makaa,
anaupepea mti, polepole,
kama mtoto mwenye surua.

Haukutoa.
Mwaka uliofuata hatukununua barafu.
Hakuwapo wa kututuma.

Leo nimezikuta Marikiti, juu ya gazeti,
mia mbili robo, muuzaji anaapa zimetoka mbali.
Nimekuja kuzilia hapa chini.
Zina waridi kwa mbali,
na ubaridi usiokuwa wa friji.
Kokwe nimeitema kiganjani, kahawia,
yang'aa kama iliyopakwa mafuta.
Pindo la leso, fundo.
Sijui la nini.

Kaskazi imepita juu ya ukuta, na joto lake.
Mti umetikisika.
Nasema umetikisika.
Sijasema umetetemeka.