Hesabu ya Penseli

Bi Mgeni wa Limbani kaileta imeviringwa kanga.
"Haineni," kasema. "Tangu umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo,
haineni. Hata kukoroma haikoromi."

Redio kaseti, Nesheno, kipini kimefungwa kwa ugwe,
mlango wa kaseti umebaki pengo,
na kwenye matundu ya spika
vumbi la karafuu la michumo isiyo idadi.
Nililinusa kabla ya kugusa bisibisi.

Skrubu sita. Tano zilikuja.
Ya sita ilikuwa msumari.

Nilianzia panapoingia moto.
Fyuzi imekufa, lakini fyuzi ni mlinzi,
haifi bila kisa. Nikamwacha maiti, nikamtafuta muuaji.
Transfoma nzima.
Dayodi nne: tatu zina msimamo,
ya nne yakubali mbele, yakubali nyuma,
kama shahidi wa kulipwa.
Kapasita kubwa imevimba tumbo, imepasuka utosi,
imetapika kwenye bodi maji ya rangi ya chai
yanayonuka samaki wa juzi.

Nikageuza bodi. Hapo ndipo nilipouona mkono.
Solda nene, za mtu asiyebania risasi,
kila moja na kincha chake kimeinama kushoto.
Fundi Shaame. Aliyenizaba kofi siku nilipogusa kapasita
kabla ya kuimwaga moto wake.
Mwaka wa tisa huu yuko udongoni.

Na ubavuni mwa transfoma, kwa penseli:
*Machi 91. Bi Mgeni. Shs. 400. Atalipa mchumo.*
Chini yake: *Mchumo umepita. Bado.*
Chini tena, penseli butu:
*93. Bado. Nimechoka kuandika.*

Nilicheka peke yangu.
Bi Mgeni, juu ya gunia pale mlangoni,
hakuuliza nacheka nini.

Kapasita niliing'oa kwenye televisheni mbovu ya skuli,
dayodi kwenye kopo la maziwa alilonirithisha marehemu.
Nikapitisha umeme kwenye taa ya wati mia kwanza,
kama alivyonifunza: taa iking'ara, zima, ugonjwa ungalimo;
ikififia, vuta subira.
Ikamulika.
Ikafifia.
Mita ikasoma kumi na mbili na chenji.

Redio ikakohoa, ikasafisha koo,
na mtu asiyejua kuwa alinyamazishwa
akaendelea kutaja karafuu, daraja la kwanza, kwa kilo.

Bi Mgeni akasimama. "Bei gani?"
Sikujua ananiuliza mimi au redio.
"Elfu nane," nikasema.
"Nitakupa, mwanangu. Mchumo ukiingia, inshaallah."

Dawa ya deni kulipa, ndivyo tulivyolelewa.
Nikasema, "Ngoja kidogo, Bi Mgeni, kuna kitu nimesahau ndani."
Nikafungua tena skrubu tano na msumari,
nikachonga penseli.
Chini ya mwandiko wa Shaame
palibaki nafasi ya mistari miwili.
Nikatumia mmoja.