Kitenzi Kimoja

Miaka kumi na miwili katika chumba namba saba,
hospitali ya kaunti, Kakamega,
kalamu yangu ilijua kitenzi kimoja tu:
alianguka.

Alianguka bafuni. Alianguka akichuma maparachichi.
Alianguka, niliandika, mama ambaye
hakuwa ameinuka kitandani siku tisa.
Daktari wa zamu alisoma, akanitazama, akatia sahihi.
Hata Jentriksi wa masjala,
aliyefunga mafaili kwa kamba za viatu, kila mwaka na rangi yake,
aliwahi kuniuliza bila kucheka:
"Daktari, kwani watu wa huku hawana miguu?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimewahi kuandika ukweli mara moja,
mgeni kazini, mwandiko bado wa chuoni,
ukweli wenye nukta na mkato.
Siku ya pili, wodi ya tatu,
kijana wa kidato cha tatu alikuwa amelala
mkono mmoja kwenye dripu,
mwingine kwenye pingu, pingu kwenye chuma cha kitanda,
na Koplo Lagat kando yake akitafuna hindi la kuchoma,
akingoja apone ili amshtaki
kwa kosa la kutaka kutokuwepo.
Koplo hakuwa mtu mbaya. Alimkatia nusu ya hindi.
Pingu ile niliileta mimi.

Tangu hapo nikausomea uongo.
Nikawafundisha wanagenzi kutoka Maseno:
hapa tunaandika kama anayefunika chungu.
Kila mwezi ripoti ilipanda juu ikiwa safi: visa, sufuri.
Tulipoomba mshauri wa pili
wakubwa wakajibu kwa barua ya mistari miwili:
Wa nini? Mmeandika sufuri.

Halafu Alhamisi moja, mahakama huko Nairobi
ikasema kile kifungu hakisimami mbele ya katiba.
Jentriksi alikuja mbio na simu,
kidole juu ya habari, kama anayezuia inzi asiruke.
"Kwa hivyo," akasema, "wataacha kuanguka?"

Wakatuita hotelini siku mbili, sambusa na slaidi.
Ridhaa. Siri. Rufaa. Haki za mteja.
Kijana wa tai ya zambarau akasema "kuanzia sasa"
kwa sauti ya mtu anayefungua bomba jipya.
Nikanyoosha mkono: na mafaili ya zamani?
Akasema swali hilo tutalirudia baada ya chai.
Chai ilikuwa nzuri.

Sheria imebadilika; mkono wangu haujapata habari.
Jumatatu kalamu ilikwenda yenyewe, a, l, i, a, n,
nikaikamata shingo.
Mbele yangu Mwalimu Ambundo, mstaafu,
miaka thelathini ya sarufi kule Shinyalu,
na mkewe mlangoni, kitenge begani, ananong'ona:
"Usiandike. Polisi wana masikio."
Mama, hawaji tena.
"Nani amewaambia wasije? Wewe?"

Mvua ya saa tisa ikashuka juu ya mabati,
ile isiyokosa miadi.
Nikaandika: alijaribu.
Neno likakaa kwenye karatasi kama mkwe
asiyejua aketi kiti kipi.
Mwalimu akaomba kuona. Akavaa miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Kitenzi hiki ni sahihi," akasema, "ila kimenikuta mbali,
karibu na mwisho wa safari.
Kabla yake kuna kingine. Andika: alichoka.
Na uweke nukta hapo. Inatosha."

Fomu mpya ina visanduku kumi na vinne.
Hakuna hata kimoja cha kuchoka.
Nikaigeuza karatasi ubavu,
nikaandika ukingoni, herufi ndogo, na nukta kama alivyotaka.
Mkewe akaingia. Akaketi.

Katika kabati nyuma yangu, walioanguka wote
bado wamelala,
kamba za viatu zimefungwa fundo.