Ufunguo Usio na Meno

Nyafwono alilileta ndani ya karatasi ya daftari la hesabu,
akaliweka mezani pangu, likatoa sauti ya jiwe.
"Fundi, lilikuwa chini kabisa ya sanduku la bibi.
Halikufunga kitu. Limejifunga lenyewe."

Nikalipima kwa kiganja: zito kama kiazi kikuu kilichochimbwa leo,
shaba mgongoni, chuma kwenye upinde,
na vumbi la saruji ya Tororo limeganda kila pembe,
lile lile linalokaa kwenye kope zetu
na kwenye mipapai huku nyuma ya reli.

Kibao kidogo kilifunika tundu. Nikakisogeza kwa ukucha.
Tundu la mviringo. Hapo nilipaswa kushtuka.
Lakini fundi naye ana kiburi chake:
nikashusha pete yangu ya funguo mia na kitu,
za makabati ya misheni, za maduka yaliyobadili wenyewe,
za mabehewa ambayo hayapiti tena,
nikazijaribu moja moja hadi chai ikapoa.
Nyembamba ziliingia. Zikazunguka.
Hakuna iliyoshika kitu.

Mafuta ya taa, matone matatu.
Sikio juu ya shaba.
Kufuli la wenzo hunong'ona: tik, halafu tik ndogo zaidi.
La pini hukwaruza kama panya darini.
Hili halikusema neno.
Nikachukua spoki ya baiskeli niliyoinoa,
nikapapasa ukuta wa ndani, polepole,
na spoki ikawa inaruka: kijia, tuta, kijia, tuta,
kama lori tupu kwenye barabara ya Malaba.

Nikachonga sabuni ya mche, kijiti kama kidole cha mtoto mchanga,
nikakisukuma ndani, nikahesabu hadi hamsini,
nikakitoa kwa kukizungusha.
Mwilini mwake: hesi.
Mistari imejisokota kwenda juu kama kunde inayopanda mhindi.

Ee, mjinga mimi! Miaka kumi na tisa kwenye veranda hii
natafuta meno katika kila kinywa.
Humo hamna wenzo, hamna pini,
mna springi moja tu yenye subira
inayousukuma ulimi mahali pake,
na ufunguo wake hauinui kitu:
unajikaza, kisha unavuta.

"Mama," nikamwambia, "kwenu kuna chuma
kisichofanana na ufunguo?
Kirefu kama kidole cha kati, ncha ina hesi kama bolti,
kichwani pengine kina kitanzi?"
Akanyamaza. Akautazama mwamba
kana kwamba jibu limeandikwa kule juu.
Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.
"Chuma cha mirija!"

Akapanda bodaboda, akarudi jua limehamia upande wa stesheni,
chuma mkononi, kikinuka chachu ya ulezi.
Miaka yote kimening'inia kwa uzi juu ya mtungi wa kongo,
kikizibua ncha za mirija ya wazee.
"Bibi mwenyewe ndiye aliyekitundika pale," akasema,
"wala hakueleza."

Nikakifuta. Nikakiingiza. Raundi moja, mbili,
ya tatu ikaleta uzito,
ya tano nikahisi springi ikikunja magoti.
Nikavuta.
Upinde ukaangukia upande, bila kelele,
kama mtu aliyesikia mwishowe jina lake likitamkwa sawasawa.

Ndani hamkuwa na kitu, bila shaka. Tulichungulia hata hivyo.

Akanilipa. Nikavifunga vyote viwili katika karatasi ileile,
naye akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la gomesi.
"Hilo baki nalo, fundi. Huu unangojwa nyumbani:
wageni wameketi tangu saa nane
na mrija wa mjomba Oketcho umeziba."

Sasa liko hapa mezani, wazi,
linakandamiza stakabadhi zisipeperuke.
Wateja hulichezea. Nawaambia:
shikeni, geuzeni, lakini msilibane,
maana ufunguo wake uko kazini.