Mita Tatu na Nusu

"Jiografia?" akasema baba mdogo Elirehema,
kata ya mbege ikasimama hewani.
"Mlima huu hapa. Nauona kila alfajiri nikienda chooni
na hakuna aliyenidai ada."
Mwika nzima ikacheka. Nami nikacheka,
begi langu limeshafungwa kamba.

Miaka mitatu nilihesabu kokoto za mito,
nikajifunza kuwa mstari wa kontua ni mkaidi,
hauvuki mwenzake hata kwa rushwa,
na kwamba mvua huandikwa kila saa tatu asubuhi,
hata Krismasi,
hata kama jibu ni sifuri.

Kisha bahasha. Bahasha nyingi za kaki.
Anaeli anahesabu mahindi ya Kiteto kutoka angani,
kwenye kompyuta, hajawahi kuvaa gambuti.
Penieli yuko Same na chaki, wanafunzi tisini,
na dunia ya plastiki iliyotoboka Brazili.
Mmoja anauza bima. Anasema ni kazi ileile:
kujua maji yatapita wapi kabla hayajapita.
Mimi nilipata kibarua Moshi mjini, kupima mto Rau
kwa fimbo yenye namba,
wafua nguo wakiniuliza kama natafuta dhahabu.

Hadi baba mdogo aliponipigia.
"Njoo na kidude chako kinachoongea na setilaiti.
Mama Ndesario anasema masale yangu yametembea."

Jumamosi. Ukoo umevaa makoti.
Karatasi ya babu inasema: *toka jiwe la mfongo,
moja kwa moja hadi msesewe.*
Nikapima kwa kidude.
Nikapima kwa utepe, maana kidude nacho huteleza.
Mara ya tatu nikapima polepole,
nikiomba nimekosea.

"Mita tatu na nusu," nikasema.
"Ndani ya kihamba chake."

Safari hii hakucheka mtu.
Baba mdogo akanitazama kama anayesoma
herufi ndogo chini ya ramani.
"Na hili la kusema mbele za watu,
ni somo la mwaka wa ngapi?"

Sikujibu. Nilikuwa nakunja utepe,
nao ulikataa kukunjika.

Akainama mpakani, akachuma jani moja la isale,
akalipiga fundo,
akazivuka zile mita tatu na nusu
kwa miguu yake mwenyewe,
kuelekea mlangoni kwa Mama Ndesario.