Kamba ya Mbuzi

Nagudi aliingia na bahasha ya kaki,
mvua ya Wanale bado ikimdondoka lesoni.
Mazishi ni Jumamosi. Anataka karatasi za ratiba, nakala themanini,
na baba yake ukurasa wa mbele, peke yake.
"Ndiyo picha pekee aliyocheka," akasema.

Niliilaza kwenye skana. Taa ikapita polepole
kama mtu anayetafuta sindano uvunguni.
Mzee Walimbwa akatokea kwenye kompyuta:
koti la kahawia, kalamu mbili mfukoni,
nyuma yake mlima na ule uzi mweupe wa maji.
Mwaka huo kahawa ilikuwa na bei.
Mizani inaonekana pembeni, ndoano yake tupu.

"Toa lile dumu."
Nikatoa.

Watu hudhani kufuta ni kufuta.
Mimi sifuti kitu, naazima.
Nachota nyasi za huku, nazipanda kule,
nachota ukuta, naubandika juu ya dumu,
na nisipoangalia, ufa mmoja utatokea mara mbili
na mtoto wa darasa la pili ataniumbua mbele ya waombolezaji.

"Kamba ya nguo." Ikaenda.
"Mbuzi." Naye: pembe, ndevu, mkia.
Kisha akanyamaza. Akavuta stuli karibu.
"Na huyu."

Mteja simhoji. Studio yangu ni hatua nne kwa tatu,
kesi ya shamba haienei humu.
Lakini Mbale ni mji wenye masikio. Ndugu wawili,
mpaka wa migomba uliohamishwa usiku,
miaka kumi na moja wakipishana njiani
kila mmoja akisoma mawingu.

Kuloba nilimwanzia miguuni.
Viatu vikawa majani. Suruali ikawa majani.
Kifua kikawa mlima.
Uso niliuacha hadi mwisho, ni tabia yangu tu,
na hata hapo nilijifanya ninafuta kioo kwa kitambaa.

Ukabaki mkono:
vidole vinne juu ya bega la kaka yake.
Bega lililo chini ya mkono hakuna aliyewahi kulipiga picha.
Nikaazima la upande wa pili, nikaligeuza, nikalishonea hapo,
na Walimbwa akawa mtu wa mabega mawili ya kushoto.

Tukatazama, sote wawili, bila kusema.
Mzee alikuwa ameegemea.
Mwili mzima, toka kisigino, umelalia upande ule,
na upande ule sasa ni nyasi.

"Mbona kama anaanguka?"

Nikamzungusha kidogo ili asimame wima.
Akasimama. Mlima ukainama,
maji ya Wanale yakamwagika mshazari
kama chai ya mtu aliyeshtuliwa.
Nikamrudisha alivyokuwa.

Nje, fundi wa baiskeli aligonga rimu mara sita, saba.
Nagudi alikuwa anang'ata pindo la leso.
"Mrudishe mbuzi," akasema. "Baba asicheke na hewa."

Kurudi nyuma ni rahisi kuliko kutoa.
Mbuzi akaja na ndevu zake zote,
akaja na kamba shingoni.
Kamba ikapanda, imekazwa
kama inavyokazwa kamba yoyote iliyoshikwa,
ikafika usawa wa kiuno cha mtu mzima
ikaishia hapo.

Nikachukua brashi. Nikaipunguza, ndogo kama punje ya mtama.

"Hiyo," akasema Nagudi,
na mkono wake ukawa juu ya wangu, juu ya kipanya,
una baridi ya mvua,
"hiyo iache."

Nilichapa themanini. Wino uliniishia kwenye ya sabini na mbili,
nane za mwisho zikatoka na mlima wa zambarau.
Alihesabu noti mezani, akazihesabu tena.
Ya mbuzi sikumtoza.