Wimbi Lenye Ufunguo

Nimetia sahihi kurasa tatu:
nikivunjika shingo, shauri yangu;
nikipoteza meno, shauri yangu.
Meno yenyewe ya bandia, nimeyaacha chumbani
pamoja na Arvid, aliyelala na viatu.

Siku ya nne tangu Galveston.
Nimecheza bingo, nikakosa kwa namba moja.
Nimeparamia ukuta wa mawe ya plastiki hadi kengele ya kwanza,
nikashushwa kwa kamba kama gunia la viazi.
Jana wakanionyesha uwanja wa barafu, sitaha ya tatu,
katikati ya Ghuba ya Meksiko, watu wakipigana picha!
Mimi, niliyeendesha greda la theluji miaka thelathini na mmoja
mitaa ya Duluth, saa kumi alfajiri,
nikapanga foleni dakika arubaini
ili nikanyage barafu.

Leo ni wimbi.
Linakaa nyuma kabisa, sitaha ya kumi na nne,
juu ya mteremko wa mpira wa buluu.
Pampu zinalitapika, wavu unalimeza,
pampu zinalitapika tena, maji yale yale.
Unene wake kiganja. Kelele zake treni.

Mkufunzi ni kijana, Jomar, kifuani kibandiko:
jina, na chini yake, Ufilipino.
"Mama, tazama mbele, usitazame miguu.
Miguu inajua iliko."
Miguu yangu haijui lolote, Jomar.
Goti la kushoto lina msumari wa chuma
tangu ile tufani ya Halowini.
Lakini maji nimeshayavulia nguo,
yaani, nimevaa vazi la kuogelea mbele ya watu mia mbili
wenye aiskrimu mikononi,
sina budi kuyaoga.

Mara ya kwanza: sikumbuki.
Mara ya pili: nakumbuka anga, kisha mpira, kisha anga,
kisha nimekaa kule juu, kwenye wavu,
vazi limepanda mahali ambapo vazi halipaswi kupanda.
Watoto wa Kiteksasi wakanipigia makofi.
Si ya kejeli. Labda kidogo.

Mara ya tatu nikapiga magoti juu ya ubao.
Akanishika mikono miwili, akirudi kinyumenyume
ndani ya maji yanayokimbia,
kisha akaniachia, kidole kimoja kimoja.
Nikahesabu hadi tisa.
Tisa! Nilikuwa mahali pamoja
na kila kitu kilikuwa kinapita.

Baadaye, foleni imekwisha, taulo mabegani,
nikamwuliza kama kwao kuna mawimbi.
Akacheka hadi akafunika mdomo.
Kwao Siargao, alisema, wimbi hulisikia usiku
kabla hujaliona asubuhi.
Moja lilimvunja kaka yake pua, mara mbili,
na bado kaka humwamkia.
Huanza mbali usikokujua, hufika, hufia mchangani.
"Hili halifiki popote, mama.
Hili limesimama. Sisi ndio tunakwenda."
Mkataba wake ni wa miezi minane.
Hajaingia baharini tangu Machi.
Bahari iko pale, hatua ishirini, ng'ambo ya kioo.
Saa ya mapumziko, analala.

Saa kumi na mbili jioni akatoa ufunguo,
mdogo, kama wa sanduku la barua.
Akautazama, akanitazama, akanipa.
Kulia, nusu mzunguko.

Sikuwahi kuzima wimbi.
Lilikohoa, likajikunja, likateremka,
likawa dimbwi, likawa unyevu, likawa mpira wa buluu
na plasta ya mtu imenata katikati.

Ndipo tukaisikia, chini, mbavuni mwa meli,
ile nyingine.
Jomar alinyamaza, kichwa upande,
mkono wake ukipanda na kushuka,
kidogo tu, bila yeye kujua.